Haja za Wazee na Fedha za Halmashauri: Shauri la Tunduru

Wasikilizaji wetu, shauri tutakalolizungumza leo ni shauri la fedha, wala si fedha za mtu mmoja, bali za watu wote wa wilaya. Kila mwaka halmashauri ya wilaya hukusanya ushuru, hufanya makisio yake, na kuamua ni kiasi gani kiende shuleni, kiasi gani kiende zahanatini, na kiasi gani kiende barabarani. Swali letu ni hili: katika makisio hayo, je, yafaa litengwe fungu kwa ajili ya wazee? Yaani wawekewe mahali pa kukaa wanapongoja matibabu, vyoo wanavyoweza kuvitumia, dawa za maradhi ya uzeeni karibu na kwao, na pahali pa kukutania? Au fedha hizo zafaa zaidi watoto na vijana?

Tumechagua wilaya ya Tunduru, katika mkoa wa Ruvuma, iwe mfano wetu, kwa sababu huko mambo mawili yaonekana wazi: upana wa nchi na uchache wa fedha. Lakini msikilizaji aliye Kasulu au Lamu naye ataliona shauri lake humo humo. Kama ilivyo desturi ya baraza, tutasikiliza kwanza pande zote mbili, ndipo tutoe neno letu.

Nchi na wazee wake

Tunduru ni wilaya kubwa mno. Eneo lake lapata kilomita za mraba 18,778. Visiwa vya Unguja na Pemba vikiwekwa pamoja havifiki sehemu moja katika saba ya ukubwa huo. Upande wa kusini mto Ruvuma ndio mpaka wetu na Msumbiji. Lakini watu wake si wengi kwa kadiri ya nchi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya 400,000, na hali Unguja na Pemba, kwa udogo wake, ilihesabu karibu watu 1,900,000.

Tafsiri ya hesabu hiyo ni rahisi. Mahali penye watu wachache waliotawanyika, kila zahanati huwa mbali na wengi. Mtu atokaye Nalasi au Lukumbule, upande wa mto Ruvuma, akitaka kufika hospitali ya wilaya mjini Tunduru, hana budi kusafiri mwendo mrefu na kulipa nauli. Kijana huona taabu hiyo kuwa ni taabu ya siku moja. Mzee mwenye magoti mabovu na macho yenye ukungu huiona kuwa ni sababu ya kubaki nyumbani.

Sasa wazee hao ni wangapi? Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu aliyetimiza miaka 60 na zaidi. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba katika Tanzania nzima watu wa umri huo ni karibu 6 katika kila 100. Ikiwa Tunduru yafanana na nchi nzima, basi ina wazee zaidi ya 20,000. Hao si watu wachache wa kusahauliwa pembeni. Wakikusanywa mahali pamoja wangekuwa mji.

Fedha za halmashauri hutoka wapi?

Kabla ya kubishana juu ya matumizi, yatupasa tujue mapato. Serikali za mitaa si jambo geni kwetu. Mwaka 1926, wakati wa utawala wa Waingereza, ilitungwa sheria ya serikali za wenyeji, nazo zikawa na hazina zao. Baada ya uhuru zilikuwako halmashauri za wilaya, zikafutwa mwaka 1972, kisha zikarudishwa mwaka 1984 kwa sheria zilizopitishwa na Bunge mwaka 1982. Sheria hizo ndizo zilizoipa halmashauri uwezo wa kukusanya ushuru na kuutumia kwa faida ya wakazi wake.

Fedha za halmashauri ni za namna mbili. Sehemu iliyo kubwa hutoka Serikali Kuu, nayo mara nyingi huja ikiwa imekwisha kupangiwa kazi yake, kama vile mishahara ya walimu na waganga. Sehemu ya pili ni mapato ya ndani: ushuru wa mazao, leseni, ada za masoko na mengineyo. Zamani kulikuwa pia na kodi ya maendeleo iliyolipwa kwa kichwa, lakini ilifutwa mwaka 2003. Sehemu hii ya pili ndiyo ambayo madiwani wana nafasi zaidi ya kuiamulia, na mjadala wetu wa leo wahusu hiyo hasa.

Katika Tunduru zao la biashara lililo kubwa ni korosho. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara uliwekewa mpaka, usizidi shilingi 3 katika kila shilingi 100 za bei. Natufanye hesabu ya mfano, wanafunzi waweza kuifanya pamoja nasi. Tuseme kilo 1 ya korosho yauzwa shilingi 2,000. Ushuru wake ni shilingi 60. Tani 1 itatoa shilingi 60,000. Tuseme tena wilaya yauza tani 10,000 katika msimu. Ushuru utakuwa shilingi 600,000,000. Fedha hizo zaonekana nyingi, lakini zigawe kwa vijiji vyote vya wilaya na kwa haja zote za mwaka, utaona jinsi zinavyoyeyuka. Sehemu 1 katika 100 ya fedha hizo ni shilingi 6,000,000 tu. Iwekeni hesabu hii moyoni, maana tutairudia.

Kuna jambo jingine la kujua. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa mwaka 2018, ikazitaka halmashauri zitenge sehemu 10 katika kila 100 ya mapato ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba. Mgawo uliowekwa ulikuwa hivi: sehemu 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika mgawo huo wazee hawakutajwa kuwa kundi. Bibi mzee aweza kuingia katika kikundi cha wanawake akipenda. Lakini mkopo ni wa kurejeshwa, na mtu wa miaka 78 hatafuti mtaji wa biashara, atafuta dawa ya shinikizo la damu. Kwa hiyo fungu la wazee halikuwekwa na mgawo huo. Likiwapo, litakuwapo kwa sababu watu wa vijiji na madiwani wao wamelitaka.

Maneno ya wasiokubali

Wako watu wenye akili na moyo mwema wasemao kwamba fungu hilo halifai. Haifai kuwadharau, maana hoja zao ni nzito.

Hoja ya kwanza: watoto ni wengi kuliko wazee. Shule zina haja ya madarasa, na kina mama wajawazito wana haja ya vyumba vya kujifungulia. Mtoto aliyenyimwa shule leo atakuwa maskini kwa miaka 50 ijayo. Basi shilingi moja ikienda kwa mtoto huzaa zaidi.

Hoja ya pili: mzee ni wa ukoo wake, si wa halmashauri. Serikali ikianza kuwatunza wazee, watoto watasema kwamba si kazi yao tena, na desturi njema itakufa.

Hoja ya tatu: kazi hii ni ya Serikali Kuu. Sera ya afya ya mwaka 2007 ilikwisha kusema kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Huko Zanzibar, tangu Aprili 2016, Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe tajiri au maskini, na baadaye kiasi hicho kikaongezwa. Kenya nayo ilianza mwaka 2018 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Halmashauri moja ya wilaya haiwezi kufanya hayo, basi isijaribu.

Hoja ya nne: fedha ni chache, na majengo ya wazee huishia kufungwa kufuli. Hujengwa kwa shangwe, hufunguliwa kwa ngoma, kisha hukosa mtu wa kuyatunza.

Majibu ya wanaokubali

Tuanze na hoja ya watoto. Ni kweli kwamba mtoto ni mwanzo wa kila kitu. Lakini je, mtoto huyo alala nyumba gani? Katika vijiji vyetu watoto wengi hulelewa na bibi zao, ama kwa kuwa wazazi wamefariki, ama kwa kuwa wamekwenda mjini kutafuta kazi. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera, shirika liitwalo Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee maskini posho ndogo ya kila mwezi. Wengi wao walikuwa mabibi waliokuwa wakilea wajukuu yatima. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha fedha hizo zilivyotumika: zilinunua chumvi, zilinunua sabuni, zilinunua viatu vya watoto wa shule. Kumbe shilingi iliyowekwa mkononi mwa bibi haikukaa mkononi mwake, ilifika kwa mjukuu. Tena, mteremko uliojengwa mlangoni pa zahanati ili mzee asikwazwe na ngazi humfaa pia mjamzito, na mlemavu, na mama abebaye mtoto mgonjwa. Hakuna mtu atakayeuliza umri wa apitaye hapo.

Hoja ya pili, ya ukoo, ina ukweli mwingi. Sera ya mwaka 2003 yenyewe ilisema kwamba mahali pa mzee ni katika jamaa yake, na kwamba makao ya kutunzia wazee yawe hatua ya mwisho. Katika Tunduru, ambako Wayao ni wengi, ukoo hufuata upande wa mama, na kwa desturi ya zamani mume huhamia kwa watu wa mkewe, naye mjomba ndiye msimamizi wa dada zake na watoto wao. Mpango huo ulimpa kila mzee mahali pake, kwa kuwa mama alizungukwa na binti zake, naye mjomba alikuwa na wapwa wa kumheshimu. Lakini mpango huo wahitaji watu kuwapo. Binti akiwa Dar es Salaam na mpwa akiwa Songea, kamba za ukoo hazikukatika, ila zimekuwa ndefu, na kamba ndefu haivuti kwa nguvu. Juu ya hayo, yako mambo ambayo ukoo hata ukikaa pamoja hauyawezi. Ukoo waweza kumpikia mzee uji, kumchotea maji na kumpeleka kwa baiskeli mpaka zahanatini. Hauwezi kuiwekea zahanati dawa za kisukari, wala kujenga choo cha hospitali. Basi tusiulize kama kazi ni ya ukoo au ni ya halmashauri. Tuulize ni kazi gani iwe ya nani.

Hoja ya tatu twaijibu hivi: Serikali Kuu hutoa haki, lakini halmashauri ndiyo ifupishayo njia ya kuifikia haki hiyo. Kusema kwamba mzee atibiwe bure ni neno jema. Lakini mzee huyo lazima atambuliwe kwanza na kupewa kitambulisho, lazima afike, lazima apate mahali pa kuketi, na akifika kwa mganga, dawa lazima iwepo. Nauli ikiwa kubwa kuliko bei ya dawa, matibabu ya bure si ya bure. Kuorodhesha wazee, kuweka dirisha lao, kupeleka huduma ya mkoba vijijini, haya ni mambo ya wilaya, wala hayangoji amri kutoka mbali.

Hoja ya nne twaikubali. Jengo kubwa la wazee mjini Tunduru halitamfaa mzee wa Nalasi. Hapa turudie hesabu yetu ya shilingi 6,000,000. Fedha hizo hazijengi nyumba yenye maana. Lakini zaweza kununua mabenchi yenye egemeo kwa zahanati kadhaa, kuweka mikono ya kushikia katika vyoo, kusawazisha ngazi ziwe mteremko, na kulipia mafuta ya gari siku chache ambazo mganga wa macho atazunguka vijijini kuwapima wazee. Mtoto wa jicho hupofusha wazee wengi, na hali upasuaji wake ni mfupi na humrudishia mtu kuona. Mzee aliyerudi kuona hahitaji mtoto wa kumshika mkono siku nzima, na mtoto huyo arudi shuleni. Basi uchache wa fedha si sababu ya kutotenga fungu. Ni sababu ya kulichagulia kazi ndogo zenye faida kubwa.

Deni la mikorosho

Liko neno moja ambalo katika mabishano ya namna hii husahauliwa. Ushuru wa korosho, ambao ndio tunaoubishania, watoka katika miti. Nayo miti hiyo ilipandwa na nani?

Mikorosho ilienea sana kusini mwa nchi yetu katika miaka ya 1950 na 1960. Mtu aliyezaliwa mwaka 1945 alikuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1960, mwenye nguvu za kuchimba mashimo na kupalilia miche. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kisha mambo yakaharibika. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya, wakawa mbali na mashamba yao. Bei ikawa ndogo. Na ugonjwa wa ubwiri unga ukaishambulia miti. Kufika msimu wa 1986/87 nchi nzima haikutoa hata tani 20,000. Hata hivyo wengi hawakuikata mikorosho yao. Walingoja, wakaifyeka tena, wakajifunza kuipulizia salfa, na zao likafufuka.

Waliopanda, wakavumilia, wakafufua, ndio wazee wa leo. Mkorosho huishi miaka mingi, na mingi kati yao yazaa hata sasa, ikilipa ushuru kila msimu. Kwa hiyo mzee aombapo benchi na dawa haombi sadaka. Aomba sehemu ndogo ya mavuno ya jasho lake mwenyewe. Shikamoo tunayompa njiani ni heshima njema, lakini heshima ya halmashauri huonekana katika makisio.

La kufanya

Sasa twataka kusema neno letu. Kwa maoni yetu, fungu la wazee lafaa kuwapo, dogo lakini la kila mwaka, liandikwe kwa jina lake katika makisio, nalo litumike kwanza kufupisha njia ya mzee kwenda kwa mganga, kabla ya kufikiri majengo. Lakini maoni yetu hayana kura. Wenye neno ni watu wa vijiji, na yafaa wajue jinsi neno lao linavyosafiri.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Bunge hujadili makisio kuanzia Aprili hadi Juni. Baraza la Madiwani hupitisha makisio ya wilaya mapema mwaka huo, na kabla yake mapendekezo hupita katika kamati ya maendeleo ya kata. Chanzo chake ni kijijini, aghalabu katika miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Angalieni jinsi wakati huo unavyolingana na msimu wa kuuza korosho: mtu apelekapo magunia yake ghalani, ndipo pia apasapo kupeleka neno lake mkutanoni. Akingoja hadi Juni, atakuta fungu limekwisha kugawanywa.

Katika mkutano mkuu wa kijiji, kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kusema. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, nao hawana budi kutoa taarifa ya mapato na matumizi mbele ya mkutano huo. Vijiji vingi vimeunda pia baraza la wazee. Baraza hilo haliamui fedha, lakini laweza kuandaa neno, na neno lililoandaliwa husikilizwa kuliko malalamiko. Kusema tu, “Tusaidieni sisi wazee,” hakumpi diwani kitu cha kushika. Afadhali kusema hivi: kijiji chetu kina wazee kadha, kati yao kadha hawaoni vizuri, zahanati iko umbali wa kilomita kadha, haina benchi wala choo cha mtu asiyeweza kuchuchumaa, mafundi wasema matengenezo yatagharimu kiasi hiki, na sisi wenyewe tutatoa mchanga na matofali. Ombi la namna hiyo ni vigumu kulikataa bila kutoa sababu.

Hapa wanafunzi mna kazi yenu. Wazee wengi walikosa nafasi ya kusoma, ninyi mmeipata. Kaeni nao, andikeni majina na umri wao, pimeni mwendo wa kutoka nyumbani mpaka zahanatini, fanyeni jumla, na kuwasomea yaliyoandikwa mpaka waridhike kwamba ndiyo waliyokusudia. Hilo ni somo la hesabu na la uraia pamoja.

Nanyi wazee, msikae nyumbani siku ya mkutano kwa kudhani kwamba vijana watawasemea. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini walisema pia kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Mzee asiyeweza kutembea na abebwe. Asiyeweza kubebwa na amtume mjukuu wake mwenye miaka 18 au zaidi aseme kwa jina lake. Na makisio yakiisha kupitishwa, ulizeni tena katika mkutano unaofuata: fungu lile liliandikwa? Lilitoka? Lilifanya kazi gani? Maana fungu lililoandikwa bila kuulizwa ni kama shamba lililolimwa bila kupandwa.

Kwa leo tumefikia hapo. Shauri hili lizungumzeni barazani na chini ya miembe, nanyi msiokubaliana nasi leteni hoja zenu mbele ya mkutano, kwa kuwa fedha ni zenu nyote. Kwaherini.